Siku Yamile Alipopata Ubingwa

Mzee Eliécer Siachoque aliingia hospitalini kwa miguu yake, blanketi lake la sufi limemning'inia mabegani, akitaniana na mlinzi wa getini. Alisema ulimi tu ndio unamchoma kidogo. Jana yake, kule milimani Boyacá, nchini Kolombia, alitoka kulima viazi kiu imemshika, akaona chupa ya soda kwenye ghala, akapiga funda moja. Haikuwa soda. Mkewe, mama Rosalba, alikuwa amemimina humo dawa ya kuua magugu ili amgawie jirani. Mzee alitema upesi, lakini kiasi kilikuwa kimeshapita kooni. Yeye hakumwambia mkewe. Alimuaga tu kwamba anakwenda Bogotá kumsalimia binti yao, akapanda basi.

Binti huyo, Yamile, alikuwa daktari, na alikuwa anamalizia mafunzo ya ubingwa wa tiba ya sumu. Kilichobaki ni kukaa mbele ya jopo la mabingwa na kujibu maswali yao, na mtihani wenyewe ulikuwa wiki hiyohiyo.

Aliposikia habari ya ile chupa hakuuliza la pili. Alichukua mkojo wa babake akaupima kwa mkono wake. Ukageuka bluu iliyoiva, ikakaribia weusi. Ingekuwa bluu ya mbali, sumu ingekuwa kidogo, naye angepata pa kushika. Alivua glavu, akasimama pale maabara akitazama ukuta, mpaka fundi wa maabara akamwuliza kama anajisikia vibaya.

Mwalimu wake, daktari Villamizar, mtu wa maneno machache, alikuja akatazama, akamwambia mgonjwa huyu amwachie yeye. Wakamnywesha mzee mkaa wa dawa, wakamsafisha damu kwa mashine, wakampa kila ambacho vitabu vinasema huenda kikasaidia.

Ubaya wa sumu ile ni kwamba haina haraka. Mzee Eliécer alikula uji, akapiga soga na wodi nzima, akamwuliza muuguzi kwa nini hajaolewa wakati yeye ana mtoto wa kiume mwenye ng'ombe wazuri. Muuguzi alicheka. Yamile alitoka nje.

Siku ya tatu aliona si haki kuendelea kumficha. Akaketi kitandani.

"Baba, ile dawa iliingia kwenye damu. Sasa inakwenda kwenye mapafu."

"Basi itoeni. Si ndiyo kazi uliyosomea?"

"Tumejaribu, baba. Tumejaribu yote."

Mzee alimtazama kama anayengoja amalizie mzaha.

"Lakini mimi siumwi, Yamile."

"Najua, baba."

Mzee aliviringisha ncha ya shuka. Kisha akasema jambo moja tu: mama yake Yamile asijue ni ile chupa. Aambiwe ni figo. Yamile akaahidi.

Mama Rosalba alifika kesho yake na kapu la mahindi ya kuchemsha na jibini, akamkuta mumewe anahema kama aliyepanda mlima. Alimvuta bintiye hadi kwenye korido, akamwuliza taratibu kama kuna kitu mzee alikunywa.

"Ni figo, mama. Zilikuwa mbovu siku nyingi."

Mama alimkazia macho mpaka Yamile akaangalia chini. Hakuuliza tena. Alirudi ndani, akaomba beseni, akaanza kumwosha mumewe miguu, kidole kwa kidole.

Mzee alianza kuomba hewa. Mtungi wa oksijeni ulikuwa pale ukutani, anauona. Lakini oksijeni huipa nguvu sumu ile, mapafu yakazidi kuungua, kwa hiyo walikuwa wakimnyima. Siku ya mtihani Yamile alisema haendi. Babake ndiye aliyemfukuza, kwa sauti iliyokatikakatika. Nenda, alisema, hapa utanifanyia nini zaidi?

Akaenda. Jopo lilimwuliza habari za nyoka, za uyoga, za dawa za moyo. Mwisho mama mmoja wa jopo mwenye mvi, asiyejua lolote kuhusu babake, akamwuliza kuhusu mkulima aliyekunywa dawa ya magugu: ni lini utampa oksijeni?

Yamile alisikia sauti yake ikijibu kwa utulivu uliomtisha. Alisema humpi kwa kuwa tu anaiomba. Unampa pale unapokuwa umekubali kwamba hutamponya, na kilichobaki ni kumpunguzia mateso. Yule mama akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaandika. Wakampa mkono. Alikuwa amefaulu.

Alirudi wodini bila kubadili nguo. Midomo ya babake ilikuwa imebadilika rangi. Villamizar alikuwa amesimama dirishani, akamwambia uamuzi wa oksijeni ni wa familia sasa. Yamile alimtazama mama yake. Mama, ambaye hakujua maana ya hewa ile, akaitikia kwa kichwa.

"Nimepita, baba," alisema karibu na sikio lake.

"Bingwa," mzee alisema. Kisha, "Nipe hewa, mwanangu."

Alimvalisha barakoa mwenyewe, akafungua mtungi. Kifua cha mzee kikatulia kidogo, uso ukalainika, akashika mkono wa mkewe. Mama alidhani anapata nafuu, akamshukuru Mungu kwa sauti. Yamile alimwacha adhani hivyo. Mzee Eliécer alifariki kesho yake mchana, wanawe wote wakiwa wamemzunguka.

Cheti cha ubingwa cha Yamile kilifika baada ya mazishi. Ndugu zake walitaka kufanya karamu ndogo, akakataa. Kwa wiki kadhaa alipita mbele ya wodi ya sumu bila kuingia, akajisingizia kazi nyingine. Villamizar hakumsukuma. Kisha asubuhi moja waliletewa msichana kutoka mashamba ya maua, amekunywa dawa ya magugu, anacheka, anasema hana kitu, tumbo tu linamsumbua. Wauguzi walimtafuta Yamile kila mahali. Walimkuta kwenye ngazi, analia, anavaa glavu.