Chumba cha Mwisho wa Korido

Nikifumba macho, hadi leo harufu ile inanijia: sabuni ya mche, mvuke, na jua lililolala juu ya nguo nyeupe. Mama yangu alikuwa dobi wa hospitali ndogo ya mji wetu. Uani kwake, nyuma ya wodi, ndiko nilikojifunza kutembea, nikishikilia ukingo wa kapu la nguo. Kamba za kuanikia zilivuka ua mzima, na shuka zikishaanikwa nilipita katikati yake kama mtu anayezunguka vyumba vya nyumba kubwa isiyo na mwenyewe.

"We Kibanio!" mama aliniita. "Lete vibanio huku, usinichafulie shuka za wagonjwa."

Jina likanikaa. Mpaka naolewa, wauguzi wote walikuwa wakiniita Kibanio, na mama walimwita Mama Shuka. Metroni, ambaye siku hizi ndiye mkuu wa wauguzi, wakati huo alikuwa muuguzi mpya, mwembamba, na mgonjwa akimfia alikuja uani kulia. Mama hakumwuliza kitu. Alimkabidhi ncha mbili za shuka, mwenyewe akashika mbili, wakaikung'uta pamoja mpaka dada wa watu akapumua. Ndiyo maana mimi sikuwahi kumwita Metroni. Kwangu alikuwa mama mdogo.

Nilizaliwa pale. Binti yangu naye akazaliwa pale, na mama, ambaye alikuwa ameshastaafu, aliingia wodi ya wazazi akapapasa shuka kwanza kabla ya kumtazama mjukuu. "Hii haijasuuzwa vizuri," akasema, ndipo akampokea mtoto na macho yakamlegea.

Basi binti yangu alipokuwa anaanza kukaa, mama akaugua. Kilianza kikohozi tulichokidharau, ikaja homa, kisha pumzi zikawa fupi kama za mtu anayepanda ngazi, ilhali mwenyewe amelala chali. Hatukujiuliza pa kumpeleka. Nani anauliza njia ya kwenda kwao?

"Mama Shuka halali wodini na makelele yale," alisema Metroni, mikono kiunoni. "Mpelekeni chumba cha mwisho."

Chumba cha mwisho wa korido kilikuwa cha wakubwa. Kilikuwa na pazia, kiti chenye mto, na dirisha linalotazama ua wa kufulia. Wodi kubwa ilikuwa na mabomba ya oksijeni ukutani. Kule mwisho kulikuwa na mtungi mrefu wa chuma uliosimamishwa kando ya kitanda. Hakuna aliyeliona hilo kuwa neno. Tuliona heshima tu. Mama mwenyewe alifurahi.

"Sasa mimi... mheshimiwa," aliniambia kwa kukatakata, barakoa ya oksijeni imemfunika nusu ya uso. "Ukija... ubishe hodi."

Nao wakawa wanabisha hodi. Mpishi alikuja, mlinzi wa getini alikuja, mtoa dawa alikuja, wauguzi waliomaliza kazi walipitia kabla ya kwenda makwao. Kila mmoja alimshika mguu, akamtania, akaondoka akifuta macho. Nilikaa pale na mwanangu mgongoni nikijiambia, mtu anayependwa hivi atapona tu.

Daktari ndiye aliyenivuta pembeni. Alikuwa kijana mgeni pale, bado hata njia ya kantini hajaizoea.

"Dada, sikufichi. Mapafu ya mama yamejaa, na oksijeni tunayompa haifiki kwenye damu inavyotakiwa. Yanaelekea kushindwa kabisa. Apelekwe hospitali kuu, kwenye chumba cha mahututi, wakampumulishe kwa mashine."

"Mashine si hata hapa ipo? Nimeiona stoo, imefunikwa kitambaa."

"Ipo. Lakini tangu nifike sijaona ikiwashwa. Ile si redio, dada, kwamba unabonyeza tu. Inataka watu wanaoshinda nayo. Kule wagonjwa kama mama wapo kila siku. Hapa mama ni wa kwanza kwangu."

Nilipolifikisha neno hilo chumbani, likawa kama nimemwaga maji ya moto. Mjomba, kaka yake mama, alisimama kabisa.

"Umtoe dada yangu hivi alivyo? Akikatikia njiani nitawaambia nini watu?"

"Kule atakuwa namba ya kitanda," alisema Metroni. "Nani atajua kwamba hapendi mto mrefu? Nani atamjua hata jina? Ni hayo masomo yako ya jioni, Kibanio. Umesoma sura moja ya afya, sasa unatuona sisi hatufai."

"Mama mdogo, sijasema hamfai."

"Umesema. Kwa adabu, lakini umesema."

Nikamgeukia mama. Alitikisa kichwa taratibu. "Nisitolewe," akasema. Akavuta pumzi, akavuta nyingine. "Hapa ndipo... pangu."

Hata mimi pale ndipo pangu. Nilitazama nje dirishani, kamba zilikuwa tupu siku hiyo, nikatamani niwe mdogo tena, kazi yangu iwe kuokota vibanio.

Kesho yake mchana mtoto alikuwa analia, nikatoka naye kwenye benchi la nje nikamnyonyesha mpaka akasinzia. Niliporudi chumbani palikuwa kimya. Nilizoea ule mlio wa oksijeni inayopita, sss, kama chai inayotaka kuchemka. Haukuwepo. Midomo ya mama ilikuwa na rangi ya majivu, kucha zake zina ubuluu, na mshale wa kipimo cha mtungi umelala kwenye sifuri. Macho alikuwa ameyafumbua. Alikuwa ananitazama, hawezi kuita.

Sijui nilipiga kelele gani. Najua mtoto aliamka akalia, na korido ile niliyokuwa nikiikimbia utotoni kwa pumzi moja sasa ilikuwa haiishi. Metroni alitokea kule mwanzo akisukuma mtungi mwingine yeye mwenyewe, magurudumu yakigonga sakafu, kofia imemwanguka. Daktari nyuma yake. Wakaunganisha, wakafungua, mlio ukarudi. Tukasimama tukitazama midomo ya mama, mpaka rangi ikarejea kidogo kidogo.

"Nani alikuwa na zamu ya chumba hiki?" daktari aliuliza. Hakupaza sauti.

Muuguzi wa wodi aliinamisha kichwa. "Nilijua Metroni yuko naye. Asubuhi nilimkuta humu."

"Mimi nilikuja kumsalimia tu," alisema Metroni. "Nikamkuta mtoa dawa. Nikajua..."

Wote walikuwa wamepita asubuhi hiyo. Wote walimsalimia, wakamnyooshea shuka, wakamwombea. Mama alikuwa mgonjwa wa kila mtu, ndiyo maana hakuwa kwenye zamu ya yeyote. Kule wodini, mbele ya meza ya wauguzi, mzee asiyejulikana alikotoka alikuwa akipimwa kila mara, kwa kuwa jina lake lilikuwa kwenye ubao wa zamu. La mama hakuna aliyeliandika. Nani aandike jina la mama yake mwenyewe ubaoni?

"Mama mdogo," nikasema, "tumpeleke."

Metroni alikuwa bado ameshika koki ya mtungi. "Unataka nimtoe hapa kwa mikono yangu?"

"Nataka aishi. Akishapona mtapata nafasi ya kunichukia wote, mmoja mmoja, na mimi nitawapikia chai."

Hakucheka. Alitoka bila kunitazama, nikajua nimempoteza. Kisha nikasikia sauti yake akipiga simu ya mezani, ikifika mpaka kwetu: "Nimesema gari lenye oksijeni! Wewe unaniletea habari za gari la kubebea magodoro? Mgonjwa ni Mama Shuka! Humjui? Basi utamjua leo!"

Niliinama sikioni kwa mama nikamwambia, "Tunakwenda, mama." Aligeuza uso dirishani. Nimeshaambiwa mengi maishani, lakini hakuna lililoniuma kama shingo ile ilivyogeuka.

Hospitali kuu ilikuwa na milango ya vioo na dari ndefu, na watu wanaotembea haraka bila kukutazama usoni. Walimpokea mama mlangoni, wakauliza umri, uzito, ameugua tangu lini, anatumia dawa gani.

"Ni dobi," nikasema. "Ni Mama Shuka. Alikuwa..."

"Sawa, dada. Mtusubiri hapa nje," alisema muuguzi wao. Hakusema vibaya. Mlango ukafungwa.

Mjomba alikaa, akasimama, akakaa. Metroni alikuja na mama garini, njia nzima akiwa amepiga magoti kando ya machela, na sasa alikuwa amekaa kwenye benchi la wageni na sare yake nyeupe, akiambiwa kama sisi: saa za kuona wagonjwa bado. Nilimwonea huruma. Kwake alikuwa akifungua kila mlango.

Daktari wao, mama mmoja wa makamo mwenye viatu vya raba, alitoka kutueleza. Wamemlaza usingizi, wamempitishia mrija, mashine inampumulisha polepole ili mapafu yasichanike.

"Atapona?" mjomba akauliza.

"Siahidi, mzee wangu. Wengine wanatuponyoka hapahapa, mashine ikiwa imewashwa. Lakini kazi hii tunaifanya kila siku, mikono imeizoea. Akibadilika kidogo tu, tunaona. Hilo naweza kuahidi."

Watoto hawakuruhusiwa ndani, hivyo tulipokezana kumshika mwanangu, mimi nikiingia, Metroni akiingia. Siku moja tulisimama pamoja nje ya kioo, mtoto katikati yetu, tukaona wanamgeuza mama kifudifudi ili mapafu yapate hewa zaidi. Mmoja alisimama kichwani ameshika mrija, wengine pande zote mbili wamekunja ncha za shuka mikononi. Wa kichwani akahesabu, wakageuza kwa mara moja, kama kufunua ukurasa. Hakuna aliyesema neno la ziada. Mama yangu, mwenye mzaha na kila mtu, alikuwa mwili tu mikononi mwa watu wasiojua hata sauti yake. Nikalia. Nikakumbuka chumba cha mwisho, pazia, mpishi akimshika mguu, nikataka kumbeba nimrudishe.

"Tulikosea," nikasema. "Hapa hawamjui."

Metroni alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo.

"Mtazame yule msichana," akasema. "Yule wa upande wa kushoto. Tangu nimefika asubuhi hajaondoka. Hajamsalimia, hajamwita hata bibi. Lakini hajaondoka." Akafuta kioo kwa kiganja. "Mimi nilimsalimia, mwanangu. Nikaondoka."

Nilimshika mkono. Ulikuwa mkavu, wa dawa na sabuni, kama wa mama. Hatukuliongea tena.

Baada ya hapo siku zikafanana. Asubuhi moja kitanda cha bwana aliyelazwa jirani na mama tulikikuta kitupu, kimetandikwa upya, na mke wa yule bwana tulikuwa tukikaa naye benchi moja. Alikunja kanga yake akatuaga kwa adabu. Hospitali ileile, mikono ileile. Tangu siku hiyo sikuingia ndani bila kutazama kifua cha mama kwanza.

Kifua kikaendelea kupanda. Wakaanza kumpunguzia mashine, wakamrudishia, wakampunguzia tena. Mpaka mchana mmoja daktari wa viatu vya raba akatuita mimi na Metroni kwa pamoja, akamwambia yule msichana wa zamu amshike mtoto pale mlangoni. "Leo tu," akasema.

Mrija ulikuwa umetolewa. Mama alikuwa amekalishwa, mashavu yamebonyea, nywele zimesimama upande mmoja. Alitutazama kama mtu anayejaribu kukumbuka wageni, kisha macho yakakaza.

"Nani kanileta huku?" Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango usiotiwa mafuta.

Nikafungua kinywa. "Ni mimi, mama. Ulikataa, nikakuleta."

"Na mimi," alisema Metroni. "Gari nililiita mimi. Ukitaka kugomba, anza na mkubwa."

Mama alimtazama Metroni, akanitazama mimi, akamtazama tena Metroni. Nikaiona hasira ikijikusanya, ile hasira yake ninayoijua tangu niko mdogo, na nikaogopa kwamba itamchosha.

"Nyie wawili hamna adabu hata kidogo," akasema. "Mnanitoa kwangu kama furushi, mnanivua nguo mbele ya watu wasionijua, hamniulizi, hamniagi, na sasa mmesimama hapo mnalia kama mmefiwa wakati mimi nina njaa."

Alisema yote hayo bila kukatakata. Metroni akaanza kucheka, machozi yakimtiririka mpaka kwenye kola ya sare, na mimi nikamwomba mama agombe tena.