Kaburi la Uvira

Kila Septemba, katika kimji kimoja kaskazini ya Anoka, watu ambao mababu zao walitoka Wales hufunga barabara kuu, hutundika bendera zenye joka jekundu, na huimba nyimbo za kanisani mpaka sauti ziwakauke. Mwaka 2016 waliialika kwaya ya Wakongo wahamiaji wa kitongoji cha New Hope, kwa sababu wimbo mmoja ambao Wakongo hao huuimba kila Jumapili una mahadhi ya Kiwelisi. Rigobert, kiongozi wa kwaya, hakuwa na habari hiyo. Miaka yote alidhani wimbo ule ni wa kwao Bukavu.

Wakiwa wanangoja zamu yao nyuma ya jukwaa, alikuja mzee mmoja aliyeitwa Emrys, ameshika picha kwa mikono miwili. Reine, binti wa Rigobert, msichana wa miaka kumi na minne, akatafsiri kama alivyozoea kumtafsiria baba yake hospitalini, benki, na hata shuleni kwake mwenyewe.

"Anasema huyu ni Ifan, kaka wa babu yake. Alienda Kongo kuhubiri, akafia Uvira. Kwao hakuna aliyewahi kufika huko. Anauliza, Papa, kaburi lake uliliona?"

Rigobert aliitazama picha: kijana mwenye ndevu, kola ngumu shingoni. Kisha akaitazama mikono ya mzee, ilivyoishika kama kitu cha kuvunjika. Yeye alilelewa kwamba mzee hajibiwi "hapana" kavu. Hutafutiwa maneno laini. Maneno laini yakaja, yakapita mpaka.

"Mwambie nililiona. Liko nyuma ya kanisa, linatazama ziwa. Akina mama wanalifagia, wanaweka maua."

Reine akasita. Alijua kwamba baba yake alitoka Bukavu akavukia Rwanda, na Uvira hakuwahi kuikanyaga. Lakini akatafsiri, neno kwa neno.

Mzee akalia. Akamwita mkewe, mkewe akamwita mwenyekiti wa sherehe, na mwenyekiti akaamua kwa furaha kwamba kabla ya wimbo, mgeni awasimulie watu wote.

"Eh, Baba Reine!" Goretti, mkewe Rigobert, alikuwa akijifunga upya kitambaa cha kichwani. "Uvira ulifika lini? Ulienda nikiwa nimelala?"

Waimbaji wakacheka.

"Nyamaza, Mama Reine."

"Ninyamaze? Kesho watakata tiketi, uwapeleke! Utawaonyesha kaburi la nani, la mjomba wako?"

Wakacheka zaidi. Rigobert uso ulimwaka. Hata uongo wenyewe haukumchoma kama kule kuupitisha kinywani mwa mtoto.

Alipopanda jukwaani, alikuwa ameshaamua. Alisema kwa Kiswahili, taratibu, binti yake akiwa kando:

"Ndugu zangu, nimemdanganya huyu mzee. Uvira sijafika. Kaburi sikuliona. Nilimwonea huruma, nikasema ya kumpendeza. Naomba anisamehe."

Reine akachukua kipaza sauti. Akamtazama mzee Emrys, aliyekaa mbele na picha yake mapajani, akaanza kusema. Kiingereza cha Rigobert kilikuwa cha kiwandani Fridley, alikofanya kazi, lakini kilitosha. Alisikia ziwa. Alisikia maua. Neno la samahani hakulisikia. Watu wakasimama wakapiga makofi.

Kwaya nyuma yake ilikuwa imesikia lugha zote mbili. Sasa hakuna aliyecheka. Goretti aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Wakaimba, na Wawelisi wakaupokea wimbo kwa lugha yao, na Rigobert akaongoza kwa mkono bila kufungua kinywa.

Walipomaliza, mzee alimfuata akamshika mkono. Rigobert hakumngoja binti. Alitafuta yale maneno ya Kiingereza anayomwambia msimamizi kipande kinapoharibika mashineni.

"Kosa langu," alisema. "Mimi, kosa. Samahani."

Mzee akampigapiga begani: hapana, hapana, mmeimba vizuri mno.

"Reine. Njoo."

Akaja, midomo ameibana. "Alikuwa na furaha, Papa," akasema, na akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye, akiwa hatafsiri, siku zote humjibu baba yake kwa Kiingereza. "Ulitaka nimvunje moyo mbele ya watu? Na wewe ndiye uliyeanza."

"Ni mimi. Sasa mwambie vile nilivyosema kule juu. Mwambie uongo ni wangu, wewe ulikuwa unamhurumia tu, kama mimi."

Reine akamgeukia mzee, akasema. Haikuwa habari ndefu. Rigobert alijilazimisha asitazame chini, akausikia mkono wa mzee ukilegea ndani ya wake, kisha ukatoka. Mzee aliirudisha picha kwenye mfuko wa koti, akafunga kifungo, akaenda kukaa kando ya mkewe.

"Twende nyumbani, Papa," alisema Reine. Alikuwa analia.

"Bado," alisema Rigobert, akiangalia safu za viti ambako watu walikuwa bado wanamtabasamia. "Na wale waliopiga makofi?"