Tundu Chumbani kwa Shangazi

Naapa kwa heshima zote za mwanafunzi wa bweni: sikukusudia kutoboa chumba cha Shangazi.

Dada yangu alikuwa asome habari kwenye televisheni kwa mara ya kwanza, Jumamosi saa saba mchana. Baba alisema fundi wa kufunga dishi angekuja Jumatatu. Bibi hakubisha. Alivaa tu gauni lake la kwendea harusini tangu asubuhi, akaketi mbele ya televisheni iliyokuwa kimya kama darasa lililoulizwa nani kavunja dirisha.

"Bibi, saa saba utamwona," nikamwambia.

"Wewe uliyetia chumvi kwenye bakuli la sukari?"

"Yule nilishamfukuza, Bibi."

Dishi nilikuwa nimelifunga ukutani jana yake na kulielekeza hadi kipimo cha mawimbi kikalia. Kilichobaki ni kuingiza waya ndani. Bweni tunapima kila kitu kwa viatu, kuanzia vitanda hadi mistari ya uwanja. Sebuleni nikahesabu kutoka pembe ya nyumba hadi nyuma ya televisheni: viatu kumi na vinne. Nje palikuwa na matope, nikavaa mabuti ya Baba, nikahesabu kumi na vinne vilevile, nikashika drili.

Ukuta ulipoachia, nilisikia ukelele.

"Nani ananitoboa?"

Hapo ndipo nilipoyatazama vizuri yale mabuti. Baba ana miguu ya mtu aliyekusudiwa kuwa mrefu zaidi. Tundu lilikuwa limevuka sebule na kutokea kando ya kioo cha Shangazi, ambaye hata Baba, kaka yake wa damu, humbishia hodi mara tatu.

Nikajaribu kutoboa upya. Ncha ya drili ikakatika. Saa saba kasoro robo.

"Shikamoo, Shangazi," nikasema tunduni. "Naomba uupokee waya."

"Mshenzi wewe! Ukiingia humu nakukata masikio!"

"Utayakata saa saba na nusu. Sasa hivi Bibi anasubiri."

Kisha waya ukavutwa kutoka mikononi mwangu.

Nikaibeba televisheni na king'amuzi chake, nikabisha hodi mara moja tu, nikaingia. Nikaimenya ncha ya waya, nikazikunja nyuzi za pembeni, nikakaza kichwa chake kwenye king'amuzi. Bibi aliletwa akaketishwa kitandani, juu ya shuka ambalo halijawahi kukaliwa na mgeni.

Televisheni ikaandika: hakuna mawimbi. Hakuna mawimbi. Nikakaza tena, vidole vikiuma.

Dada akatokea, shingo ndefu, sauti haitetemeki.

"Hizo si hereni zangu?" Shangazi akaruka. "Mwezi mzima nazitafuta!"

"Nyamaza," Bibi akasema, macho hayabanduki kwenye televisheni. "Mtoto yuko kazini."

Shangazi akasogea, akanipisha kitandani. Masikio yangu niliyafunika kwa mto, kwa tahadhari tu.