Daktari Kasema

Kitana alikuwa amesuka nusu ya kichwa cha Mwalimu pale mama yake aliposema haendi.

"Siendi kokote," mama alisema kutoka kwenye benchi, mkoba mapajani, viatu vya kutokea miguuni. "Nimevaa ili nikuridhishe. Umeridhika, sasa navua."

Saluni ikanyamaza, na saluni ile kunyamaza si jambo dogo. Humo hata aliyefiwa huingia analia akatoka anacheka. Mwenye saluni walishampa jina la Kitana kwa sababu kitana hakibanduki nywelani mwake, hata akienda msibani. Alikuwa mtu wa kupenda nyumba ijae. Asiyekuja kusukwa alikuja kusikia, na asiyekuja kusikia alikuja kusemwa.

"Mama, leo ndiyo mwisho," alisema. "Alasiri watu wa chanjo wanafunga vyombo vyao pale ukumbini, wanaondoka."

"Waende salama."

Mama alikuwa na sukari na presha ya miaka. Alihamia kwa bintiye baada ya shoga yake wa ukuta kwa ukuta, mwenye sukari kama yake, kuchukuliwa na korona kabla hata majirani hawajajua anaumwa. Tangu msiba ule Kitana hakuwa na wimbo mwingine: mama, kachanje. Asubuhi kachanje, kwenye chai kachanje.

"Mwache mama wa watu," alisema Mwalimu, shingo imeinama, nusu kichwa mistari, nusu kichwa msitu. "Kila mtu na mwili wake. Binamu yangu alichanjwa, akalala siku mbili kama gunia."

"Ya tatu akaamka?"

"Akaamka."

"Basi. Gunia lingebaki pale pale."

Wanawake wakacheka. Mwalimu hakupenda. "Cheka tu. Mimi nasoma. Nimeyasoma haya mambo mpaka macho yameniuma."

"Unafundisha nini vile?"

"Jiografia."

"Tutakuita siku mlima ukiugua."

"Mimi sibishani na mtu," mama aliingilia, akafungua mkoba na kutoa simu. "Mdogo wangu kanitumia kwenye grupu la ukoo. Daktari kasema. Sikilizeni wenyewe."

Akabonyeza. Ikatoka sauti nzito ya mwanamume, ya mtu aliyezoea kusikilizwa:

"Nakwambia mimi Daktari, miaka yangu yote hii ya kufungua na kufunga. Huyo mzee wako mwache alivyo. Moyo wake umeshachoka. Ukimwekea hicho kitu kipya wanachosambaza sasa hivi, atapanda joto, atazima, na akizima huyo haamki tena. Wiki hii nimepokea wengi, wote wamewekewa, wote wako mezani kwangu hapa. Maiti."

"Maiti!" mtu alishika kifua.

"Hiyo hata mimi ninayo," Mwalimu alisema, sasa shingo imenyooka. "Ilikuja kwenye grupu la walimu. Huyo ni bingwa wa moyo, hospitali kubwa. Haya, Kitana, mbishie na huyo."

Kitana aliacha kusuka. Alikuwa ameinamisha sikio kama kuku aliyesikia mwewe.

"Mama, irudie. Pale mwishoni."

Mama akairudia. Nyuma ya lile neno la maiti kulikuwa na mvumo, kama nyuki ndani ya debe, na juu ya mvumo sauti ya mwanamke anafoka: "Inamisha shingo wewe, nitakuunguza sikio!"

Mvumo ule ulikuwa wa mashine ya Kitana ya kukaushia nywele. Na anayefoka alikuwa yeye.

"Bingwa wa moyo," Kitana alisema taratibu, "anafanya kazi nyuma ya ubao wangu?"

Vichwa vyote vikageukia ukuta wa mbao. Upande wa pili palikuwa na kibanda cha fundi simu, na fundi simu huyo mtaa mzima ulimwita Daktari. Kwake simu haikuharibika, iliugua. Simu ikiachwa kwake, imelazwa. Kubadilisha kioo ni upasuaji. Betri ni moyo, na simu ya zamani, ile ya kurithiwa, ni mzee. Mtaa uliipenda lugha hiyo. Watu waliulizana njiani, "Mgonjwa wako katoka?" bila mtu kushtuka. Mama tu, aliyehamia juzi, hakuijua. Kwake yule alikuwa kijana wa simu, mwenye shikamoo nzuri. Na kwenye rekodi sauti yake ilinenepa kuliko ana kwa ana, ndiyo maana hata Mwalimu hakumtambua.

Kitana alitoka na kitana mkononi. Saluni ikamfuata mpaka mlangoni, Mwalimu akishika nusu ya nywele zake.

"Daktari!"

"Naam, dada. Leta mgonjwa."

"Mgonjwa ni mama yangu. Kasikia sauti yako, hataki kuchanjwa. Kuna kitu kipya anawekewa mzee, anazima, haamki. Ni nini hicho?"

Daktari aliweka bisibisi chini. "Ile? Jamani, ile nilimtumia fundi bomba! Ana simu ya babu yake, kang'ang'ania kuiwekea mfumo mpya. Nikamwambia utaiua. Kumbe kairusha kwa shemeji yake, shemeji kakata mwanzo na mwisho, kabakiza hapo katikati. Ndivyo ilivyokuwa, dada, haki ya nani."

"Na ulijua inazunguka?"

Akakuna kidevu.

"Nakuuliza wewe."

"Nilijua," alisema, sauti imepungua uzito. "Lakini dada, nisikilize. Jana kanipigia mtu mzima, ndugu wa huyo shemeji, sauti ya mvi kabisa. Kaniambia, 'Shikamoo Daktari.' Mimi! Hata mtoto wangu mwenyewe haniamkii mpaka afinywe."

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na huyu alikuwa amejaza mtungi mzima.

"Shikamoo hiyo itaniulia mama," Kitana alisema. "Simama. Unakuja kumwambia mwenyewe, kwa mdomo huo huo."

"Daktari kakamatwa na polisi wa nywele!" alipiga kelele mpita njia, na watu wakaongezeka.

Akaingizwa saluni, akasimamishwa mbele ya benchi. Akaeleza: fundi bomba, simu ya babu, shemeji. Mama alimtazama kuanzia kandambili hadi utosini.

"Wamekutisha, mwanangu?"

"Hapana, mama."

"Nasikia madaktari wanaosema kweli wanatishwa."

"Mama, mimi si daktari. Ni fundi."

"Hebu sema yale maneno. Ya mezani kwako."

Akayasema, mikono nyuma kama mwanafunzi. Mama alifumba macho akasikiliza hadi mwisho. "Ndiye," alisema.

Kitana akapiga kofi. "Haya! Viatu unavyo. Twende."

"Siendi."

Saluni ikatoa mguno wa watu waliokosa bao.

"Mnadhani mimi mjinga," mama alisema, "wa kumwamini mtu hata sura yake siijui? Nilimwamini kwa sababu alisema ninachokijua." Akamgeukia bintiye. "Wewe ulipozaliwa nilipata homa. Nikachomwa sindano ya penisilini. Hata kanga sijaifunga vizuri, uso ukaumuka kama unga wa chachu, koo likabana, nikawa navuta pumzi kama mtu anayefyonza mrija ulioziba. Nilipopata nafuu nikamweleza nesi. Akaniambia, 'Acha kudeka, wenzako wanachomwa kila siku.' Toka siku hiyo nikiona sindano, koo linaanza lenyewe."

"Hujawahi kuniambia."

"Umewahi kuniuliza? Wewe huulizi, unaamuru. Na wewe mwenyewe ulipochanjwa ulitetemeka mpaka kitanda kikalia, asubuhi ukaniambia umelala kama mtoto. Ulidhani kuta zako zina pamba?"

Kitana alikaa kwenye kiti cha wateja, kiti ambacho hajakikalia tangu akinunue. Alitaka kubisha, lakini cha kubishia hakukiona. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, naye kutwa alikuwa anamsukumia mama yake unyasi huo, tena akificha ulipomchoma yeye. Lakini alimkumbuka pia shoga wa mama, na jinsi lango la yule lilivyofungwa kwa kamba hadi leo. Akainuka.

"Sawa. Sikuambii tena uchanjwe. Nakuomba hivi: haya uliyotuambia sisi, kamwambie daktari wa watu. Akisema usiguse, nitakubeba mgongoni kukurudisha. Akisema uchanje na wewe moyo ukakataa, tutarudi kwa miguu, na neno hilo halitatoka tena mdomoni mwangu."

"Na akiniambia nadeka?"

"Nitamsuka bila mafuta."

Mama alicheka kabla hajajizuia. Akachukua mkoba.

"Na kichwa changu?" Mwalimu aliuliza.

"Funga kitambaa, njoo."

"Naja kusikiliza tu. Msije mkasema nimekubali."

Ukumbini viti vya plastiki vilipangwa kwa kuachana, na kwenye meza ya mwisho alikaa tabibu, mwanamke kijana, miwani imefunikwa ukungu juu ya barakoa. Masanduku mawili tayari yalikuwa yamefungwa.

"Wewe ndiye daktari?" mama aliuliza.

"Ndiyo, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Wa nini? Maana siku hizi inabidi tuulize."

Daktari wa simu, ambaye naye aliburutwa hadi pale, aliangalia dari.

"Wa watu," tabibu alijibu. "Hasa watu wazima."

Mama akayasema yote, tangu homa ya uzazi. Tabibu aliweka kalamu chini, hakumkatiza hata mara moja. Aliuliza uso ulianza kuvimba baada ya muda gani, kama ngozi iliwasha, kama kuna dawa au chakula kingine kilichowahi kumfanyia hivyo. Kisha akasema, "Aliyekuambia unadeka alikosea. Ile ilikuwa hatari ya kweli. Ungeweza kufa."

Mabega ya mama yakashuka. Kitana aliyaona. Alikuwa ameishi na mabega yale maisha yake yote akidhani ndivyo yalivyoumbwa.

"Lakini penisilini na chanjo hii hazina undugu," tabibu aliendelea. "Iliyokudhuru wewe haizuii hii. Siwezi kukuapia hakuna hatari kabisa. Ipo, ndogo."

"Ndogo kiasi gani?" Mwalimu alidakia kutoka nyuma.

"Katika watu milioni moja, wanaobanwa koo ni wa kuhesabu kwa vidole. Na hubanwa mapema, wakiwa bado hapa. Kwa hiyo wewe, mama, utakaa mbele yangu nusu saa, siyo robo kama wengine. Dawa ya kufungua koo ni hii, iko kwenye trei. Ninachokiogopa mimi ni korona ikukute na sukari hiyo."

Mama aliitazama ile trei. Kitana alikuwa na maneno mdomoni yamejaa kama maji. Akayameza. Alikuwa ametoa ahadi mbele ya saluni nzima, na saluni nzima ilikuwa imesimama nyuma yake kuhakikisha.

"Likianza kubana nitajuaje?" mama aliuliza.

"Sauti itakwaruza. Utaona taabu kuongea."

"Kwa hiyo nikiwa naongea, nipo."

"Ukiwa unaongea, upo."

Mama akakunja mkono wa gauni mpaka begani, akageuza uso upande wa bintiye. "Nishike," alisema. "Usiniambie kitu, nishike tu."

Sindano ilipotoka mama alikuwa ameshaanza kusema.

Alianza na harusi ya shoga yake marehemu, mjomba aliyekunywa akamkumbatia bibi harusi wa watu, na mpishi aliyekimbia na mwiko. Aliruka kwenye ugomvi wa mawifi, akarudi. Waliomaliza robo saa yao hawakuinuka. Mwalimu alisogeza kiti, mkono wa nguo yake bado hajaukunja, akisema atafikiri. Pembeni Daktari alirekodi: "Mimi ni daktari wa simu. Ile niliongelea simu. Ya watu siyajui." Kitana akairusha kwenye grupu la ukoo, likaja jibu la kwanza: Wameshamnunua. Kitana akamwambia arekodi tena, na tena, hadi wachoke wao.

Ghafla sauti ya mama ikakatika, katikati ya neno.

Kitana alisimama, kiti kikaanguka. Tabibu alikuwa tayari amefika, kidole kwenye kifundo cha mkono wa mama, jicho kwenye trei.

"Mama? Mama, sema kitu!"

Mama alimeza. Akameza tena, polepole, kama mtu anayejaribu mlango gizani.

"Maji," alisema, sauti safi kabisa. "Mnanitolea macho ya nini? Mtu haruhusiwi kukauka mdomo?"

Akaletewa, akanywa, akaendelea. Hata tabibu aliporudi kumwambia kwamba nusu saa imekwisha, hakuna dalili yoyote, sasa anaweza kwenda nyumbani, alimwinulia kiganja.

"Subiri kidogo, mwanangu," alisema. "Mpishi bado hajakamatwa."