Pumzi ya Nne

Kabla Mwalimu Arif hajanifundisha kukaa kimya, nilikuwa napiga watu ovyo. Nilimvunja pua mtu mmoja Darajani kwa sababu ya pahala pa kuegesha vespa. Nilimng'ata sikio mpinzani wangu Miraji katikati ya pambano la judo, nikatolewa ukumbini na damu yake mdomoni. Miraji huyohuyo alinishinda mara tatu, na kila mara aliniinamia akaninong'oneza, "Pandisha, Thuwaini, pandisha." Alijua nikishapandisha hasira, sioni tena mkono wake unapopita.

Mwalimu Arif anauza miwani Mkunazini, na jioni hutufundisha judo katika ukumbi mmoja karibu na Michenzani. Ni mpole mpaka anakera. Aliniambia ama nijifunze kutulia ama nisikanyage tena mkeka wake. Basi miezi minane nikawa nakaa juu ya visigino kabla ya mazoezi, macho nimefumba, nimetulia kama kuku anayeatamia. Hasira ikija, alisema, usiifukuze wala usiifuate. Iangalie tu, uhesabu pumzi nne, kisha ndiyo utende. Moyoni nilimcheka, lakini mwezi wa tano nilianza kuona kuwa hasira kweli inapita, na sikumwambia mtu.

Siku ya kuchagua timu, nafasi ilikuwa moja, na tuliobaki tulikuwa wawili, mimi na Miraji. Alinianza kwa kiwiko cha mdomo ambacho refa hakukiona. Jino liling'oka nikalimeza. Akanibwaga kwa kisogo mpaka masikio yakavuma, akaniinamia na maneno yake yaleyale. Nikavuta pumzi. Nikanyanyuka, nikampokea anakuja, nikampitisha juu ya nyonga, akatua chini kwa ubavu na pumzi zote zikamtoka.

Sikumpa nafasi ya kugeuka. Niliukamata mkono wake wa kulia, nikaubana katikati ya mapaja yangu, kiwiko chake kikakaa juu ya tumbo langu. Alikuwa ameishikanisha mikono yake miwili ili nisiunyooshe. Akawa anapiga mateke hewani, anatukana, anatema mate juu ya mguu wangu. Mimi nikahesabu. Moja. Mbili. Hasira ilikuja, nikaiangalia, ikapita. Tatu. Kichwani mwangu kukawa kweupe kabisa, nasikia hata pangaboi la ukumbi linavyokwaruza. Pumzi ya nne vidole vyake vikaachia, mkono ukanyooka.

Hapo mchezo umekwisha. Mwenzako akipiga mkeka, amekubali kushindwa, unamwachia. Miraji alipiga mara mbili, kwa kiganja, upande ambao refa alikuwa bado hajazunguka. Nikafikiri, bila haraka yoyote, kwamba huu ndio mkono anaopakia rangi mahoteli ya Kendwa. Nikainua nyonga. Kiwiko kikalia kama muwa unaovunjiwa gotini, na Miraji akapiga ukelele ambao mpaka leo siwezi kuusimulia vizuri.

Ukumbi mzima ulisema nimepandisha. Mwalimu Arif aliiambia kamati ya kuchagua timu kuwa nilipofuka kwa ghadhabu, sikusikia. Wakanisimamisha kucheza, wakasema nikipata radhi ya kina Miraji nyumbani kwao, nafasi ya timu ni yangu. Mwalimu akanituma. Waambie shetani alikupitia, alisema, ni watu wa imani, watakuelewa. Hakuniuliza kama ni kweli. Nadhani aliogopa kuuliza.

Nilikwenda baada ya alasiri, ghorofa ya tatu. Mama yake Miraji, Bi Tabia, alinifungulia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanikaribisha kwa juisi ya ukwaju kama mgeni wa heri. Miraji alikuwa kwenye kiti cha dirishani, vyuma vinne vimetokeza kwenye mkono wake, vidole vimevimba na havikunjiki. Hakugeuka kunitazama.

Nilianza kuomba radhi, nikakwama. Bi Tabia akanionea huruma, akanisaidia.

"Shetani kakupitia tu, mwanangu. Sema hivyo, na mie nshakusamehe."

Maneno mawili, na Jumatatu ningekuwa mkekani. Wallahi nilitaka kuyasema. Nina miaka thelathini na moja, natengeneza viyoyozi, na hakuna kitu kingine duniani ninachokijua vizuri kama judo. Nikafungua mdomo. Lakini nilikuwa najua vizuri mno nani alikuwapo pale na nani hakuwapo.

"Alipiga mkeka, Bi Tabia," nikasema. "Nilimsikia. Sikuwa na hasira hata kidogo. Nilitulia, kisha nikamvunja."

Miraji akageuka. Machozi yalimtoka kabla hajasema neno.

"Nlikwambieni kuwa kanisikia, mama. Hamkunamini."

Bi Tabia alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi, muda mrefu, kama mtu anayetafuta sura aliyoizoea. Akainuka na kuichukua ile bilauri mbele yangu, nami sikuwa nimeinywa hata funda moja.

"Shetani ningemsamehe," alisema. "Wewe sikujui."

Akanifungulia mlango.