Mbayuwayu Aliyenenepa

Mtego wenyewe niliutega kwa vanishi.

Ukiwa na baba kama wangu huwezi kumwambia, "Baba, lala hapa leo, nyumba imekuwa kubwa." Atakuuliza imekua lini, na nani alikuwa anaimwagilia maji. Tangu ahamie kwa dada yangu, anakuja hapa kama msoma mita: hodi, chai, kwaheri. Dada anabaki na funguo za gari mkononi. Mimi nikishafunga mlango narudi kukaa na kuta.

Kuishi peke yako si kubaya sana, ila utani unakosa pa kwenda. Siku moja nilitia chumvi kwenye kopo la sukari, kwa mazoea tu, kama nilivyokuwa namfanyia mzee. Nikasahau. Aliyekuja kuinywa ile chai ni mimi, na hapakuwa na mtu wa kucheka.

Basi nikakumbuka sheria ya nyumba. Kwetu, modeli ya ndege ikishapakwa vanishi ya mwisho, haiguswi mpaka asubuhi. Na asubuhi anayekagua ni mzee, kafumba macho, kwa kidole cha shahada. (Ndiyo shahada pekee iliyopo nyumbani kwetu, maana yangu mimi niliiacha mwaka wa mwisho.) Mzee alikuwa fundi wa ndege, zile za kweli, na alikuwa akisema bawa halikaguliwi kwa macho kwa sababu macho yana huruma. Kidole kinaanzia puani, kinateleza taratibu mpaka mkiani. Kikikwama popote, anasema neno moja: "Rudia." Sheria hiyo hajawahi kuivunja, hata siku mama alipomwambia chakula kinapoa.

Hesabu ikawa rahisi. Nimalize ndege yote, nibakize mpako wa mwisho tu. Mzee akifika, napaka mbele yake. Vanishi inataka kulala usiku mzima ndiyo ikauke, kwa hiyo na mkaguzi inabidi alale.

Ndege niliyochagua ni ile ya mizigo aliyoihudumia mpaka kampuni yao ilipofungwa. Plastiki, urefu wa mkono. Stika zake mzee alizichapisha mwenyewe wakati wa kuagana, karatasi moja tu, na ilikuwa imezeekea kwenye droo. Zilikuwa stika za maji: unakata moja, unailowesha, picha inateleza kutoka kwenye karatasi, unaisukuma kwa brashi mpaka mahali pake. Ila kwanza lazima ndege ipakwe vanishi ya kung'aa. Rangi isiyong'aa ina vinundu hata kama huvioni; ukibandika juu yake hewa inabaki chini, na stika inapauka kama goti la mtoto aliyekimbia mafuta.

Hilo la kung'arisha nililifanya vizuri. Nilipokosea ni kwenye stika. Alama ya kampuni ilikuwa mbayuwayu, mmoja kwa kila upande wa mkia. Nikamchukua wa kulia, nikamtia kwenye sahani ya maji. Akasambaratika. Kichwa kikaenda huku, bawa kule, mkia wenye panda ukabaki unaelea peke yake.

"Pole," nikasema kwa sauti.

Halafu nikajiuliza nampa nani pole. Hakuna aliyejibu, ikabidi nijijibu: "Asante, nishapoa."

Karatasi ikizeeka hivyo, dawa ni kuipaka vanishi kabla ya kuilowesha, ili picha zishikane. Mpako mmoja mwepesi unatosha. Mimi kwa woga nikapaka, nikapaka tena, nikaona kama haijatosha, nikapaka. Karatasi nzima ikawa ngozi moja, nene kama kucha, na mbayuwayu aliyebaki ilibidi nimchonge ukingoni kwa wembe, pumzi nimezibana, hasa pale kwenye panda ya mkia. Alifika mahali pake mzima. Lakini alikuwa ametokeza kama kiraka kwenye suruali. Kidole cha mzee kingekwama hapo hata akiwa na glavu.

Sikujali. Vanishi ya mwisho si ndiyo ingefunika kingo? Nilinunua nzito, nikaweka kopo mezani na brashi juu yake, nikasubiri.

"Hodi! Profesa yumo, au kaenda kufundisha?"

"Yumo, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Eh! Umeipaka nyumba rangi. Imependeza."

Nyumba haijaona rangi tangu mama yupo. Nikacheka, nikajua ndiyo utani wake. "Nimepaka kwa mate, baba, sikupata brashi."

Dada hakucheka. Alikuwa amemshika mzee kiwiko. Nikaona mkono wa pili wa mzee umetangulia, umetua kwenye mwimo wa mlango, pale mbao ilipobanduka, ukatulia kidogo kama unasalimiana nao. Halafu ukakitafuta kiti kabla hajakaa.

Nikamfuata dada jikoni.

"Kikombe usimwekee mbali," akaniambia, hanitazami.

"Macho yamefikia wapi?"

"Dirisha analiona. Yaani ule mwanga wake."

"We si uliniambia yanamsumbua kidogo?"

"Yeye ndiye aliyenituma niseme hivyo. Anasema ukijua utaacha kumtania."

Nikasimama pale na sufuria mkononi. Kutoka sebuleni mzee akapaza sauti: "Nyie mnaosengenya, chai inapikwa au inapandwa?"

"Inapaliliwa, mzee!" nikajibu. Sauti ilitoka vizuri kuliko nilivyotegemea.

Nilipomwekea kikombe karibu na mkono, akanusa hewa. "Sisikii vanishi."

"Kopo nimelifunga. Mpako wa mwisho nilikuwa nakungoja wewe."

"Ahaa. Ili nilale." Akanywa kidogo. "Mtego gani huo, Profesa? Hata panya kipofu angeuruka."

Nikalisogeza kopo pembeni.

"Lete ndege."

"Haijaisha, mzee. Kuna mahali stika imekuwa nene, kidole kitakwama."

"Lete nikwame."

Nikamwekea mapajani. Akafumba macho. Hakuna aliyemwomba ayafumbe. Kidole kikaanzia puani, kikapita dirisha la rubani, kikapanda begani, kikashuka kwenye bawa na kurudi, taratibu, bila neno. Kikafika mkiani. Kikakwama.

Nikasubiri "rudia."

Haikuja. Kidole kilirudi nyuma, kikazunguka, kikapanda, kikatelemka kwenye panda, kikatoka upande wa pili. Kikaanza upya. Nilitaka kumtajia, dada akanibana mkono.

"Mkia una panda," mzee akasema, kama anaongea na kidole. "Bawa limelala nyuma..." Kisha akafumbua macho, akageukia dirishani. "Si mbayuwayu wetu huyu?"

"Ndiye, mzee."

"Umemlisha nini? Huyu si mbayuwayu tena, huyu bata!"

Dada akacheka mpaka chai ikamtoka puani. Mzee naye akacheka, mabega yanaruka, na mimi nikacheka nao, nikitamani tusinyamaze.

Kidole kikahamia upande wa kulia. Kikateleza moja kwa moja. "Mwenzake yuko wapi?"

"Alikufa maji."

"Poleni. Alizikwa?"

"Bado yuko kwenye sahani."

Akarudi kwa yule bata wake, akabaki hapo. "Na huo mpako wako wa mwisho unamfanyaje?"

"Unamfunika. Kidole hakikwami."

"Kabisa?"

"Kabisa. Si ndiyo sheria?"

Kopo lilikuwa pale, kifuniko nilishakilegeza asubuhi. Ningelifungua tu, angelala. Sheria yake mwenyewe asingeivunja. Na asubuhi ningempa ndege safi kabisa, na kidole chake kingetoka puani mpaka mkiani bila kukutana na mtu yeyote.

Nikalivuta kopo, nikakaza kifuniko.

"Imeisha, mzee."

"Mbona imekwama?"

"Imeisha hivyo hivyo. Ichukue."

"Ningelala, Profesa. Ila kwa dada yako kuta nimeshazijua. Humu mama yako alikuwa anahamisha makochi kila wiki, mpaka leo sijui aliyaacha wapi."

"Hata mimi najigonga, baba."

"Basi tuko wawili."

Nikamshika mkono mpaka kwenye gari. Aliiweka ndege mapajani, akakataa iwekwe kiti cha nyuma. Gari lilipokuwa linageuka niliona mkono wake umeufunika mkia wote, na kile kidole kimetulia mahali pake.

Ndani, meza ilikuwa imebaki na kopo, brashi na sahani. Ule mkia wa mbayuwayu aliyekufa ulikuwa umeganda kwenye ukingo wa sahani. Nikaumwagia maji, ukalegea.

Nikafungua kopo. Nikapaka mwimo wa mlango kwanza, pale pale mkono wake ulipotua, nikaiacha mbao ilale usiku mzima, ing'ae na kukauka, hewa isipate pa kujificha. Asubuhi nikaulowesha tena ule mkia, nikaunyanyua kwa ncha ya brashi, nikaubandika, nikaupaka vanishi wenyewe tu, mbao nikaiacha. Kesho yake, ulipokauka, nikafumba macho nikapitisha kidole. Kikateleza, hakikukutana na mtu.

"Rudia," nikasema.

Nikachovya brashi tena.