Njia Isiyo na Ngazi

Kazi yangu ni kuwapangia watu mapenzi. Usicheke. Wenye ndoa changa, wenye ndoa kuukuu, na wale ambao wenyewe hawajajua wana nini, wote huja ofisini kwangu wakitaka kutoroka siku mbili tatu kwenda mji mwingine. Wala hawataki kupelekwa kwenye sanamu na jumba la makumbusho, hayo wameshayaona kwenye kalenda. Wanataka kona zisizojulikana, na mwenye kona ni mimi.

Watu hudhani siri ya kazi hii ni kujua mahali. Wapi! Siri ni kumjua mtu. Mteja akikaa tu kwenye kiti mbele yangu, kabla sijamtajia mji wowote, namuuliza: miguu vipi? Tumbo je? Unaogopa nini? Wengine huangaliana wakadhani wamekosea mlango, wameingia kwa daktari. Lakini mimi matembezi nayashona kama nguo, na sishoni kabla sijapima. Anayeogopa urefu simpandishi darini. Mwenye mimba namtafutia vyoo kwanza, mapenzi baadaye. Ndiyo maana wateja wangu hurudi wameshikana mikono, na wa wenzangu hurudi wamenuniana.

Yote hayo nilimfundisha Pacha. Si ndugu yangu wa damu. Nilimwajiri akiwa hajui hata kusoma ramani, tukazoeana mpaka tukawa tunanunua vitambaa sawa, wateja wakadhani tumetoka tumbo moja, na jina likashika. Yeye huniita dada. Alipouguliwa na mama yake alilala kwangu, na mume wangu alipohama nyumbani mimi nililia mapajani kwake.

Ndiyo, alihama. Mume wangu ni fundi wa lifti, mtu wa kutumwa mji huu leo na mji ule kesho, na siku moja alirudi safari, akafungasha tena, akaenda kukaa kwa kaka yake. Alisema anataka kupumua. Hatukugombana. Ningefurahi tungegombana, maana mimi kwenye ugomvi siwezekani. Tulinyamaziana tu, na ukimya ule ulinikondesha.

Halafu wiki chache zilizopita akaja mlangoni, amenyoa, amevaa lile shati ninalolipenda.

"Mke wangu, nipe siku moja," akasema. "Twende ule mji tulioahidiana tangu harusi. Safari hii napanga mimi, wewe utabebwa tu. Jioni utaniambia nirudi nyumbani au nisirudi. Utakalosema ndilo."

Nikamwambia nitafikiri. Uongo mtupu, nilikuwa nimekubali kabla hajameza mate. Jamani, miaka yote hiyo nawapangia watu wengine, mimi hakuna aliyewahi kunipangia hata kikombe cha chai! Nilimtaka mume wangu. Nasema wazi, nilimtaka arudi, na nilikuwa naomba Mungu hiyo siku anipe sababu moja tu ya kusema ndiyo.

Nilipompa Pacha habari, alikuwa anakoroga chai. Kijiko kikaacha kuzunguka.

"Mji gani, dada?"

Nikamtajia.

"Huko?" akasema. "Si mngeenda kwingine? Huko siku hizi vumbi tupu."

Nikamcheka. Nikamwambia wivu huo, tafuta na wewe wa kukupeleka kwenye vumbi.

Basi tukaenda. Tulishuka kituoni asubuhi, akanishika mkono, akanipitisha nyuma ya posta kuu mpaka kwenye uchochoro wa mafundi saa. Mzee mmoja akatufungulia chumba chake. Saa kila ukuta, kubwa kwa ndogo, zote amezirekebisha zilie kwa pamoja. Tulikuwa hatujakaa vizuri ndani zikaanza kulia. Loo! Nilihisi mlio ule kwenye meno. Mume wangu alikuwa ameshanivutia kigoda nikae, akawa ananiangalia mimi, haziangalii saa.

Machozi yalinitoka. Huyu ni mtu anayepotea sokoni. Huyu ukimtuma nyanya analeta pilipili. Na leo ametafuta chumba kama hiki, akajua wakati wa kuingia, akajua mahali pa kuniweka. Nilijiambia, mwanamke wewe, jibu unalo, mbona hata jioni ni mbali.

Tulipotoka, mtaa wa pili ulikuwa juu yetu, na ngazi ya mawe ilikuwa pale pale mbele ya macho, imepandwa maua pembeni. Mimi na ngazi ni marafiki. Tulipokuwa wachumba nilikuwa namwacha nyuma kwenye ngazi za majengo anayofanyia kazi, anahema, ananiambia nitamfukuzisha kazi, kwamba fundi wa lifti hawezi kuoa mwanamke asiyepanda lifti. Nikakunja sketi nianze kukimbia. Akanishika kiwiko taratibu.

"Tupite huku," akasema.

Tukazunguka kwa mteremko wa mikokoteni, mbali kweli. Njiani kulikuwa na benchi, tukakaa. Mbele kidogo benchi nyingine, tukakaa tena. Nikasema moyoni labda amechoka, umri nao.

Kituo cha pili kilikuwa ua wa nyuma wa mwokaji mikate, unapokula mkate moto huku unawaona wanavyoukanda. Kona nzuri, mimi mwenyewe ningejivunia. Ila alinikalisha ndani kabisa kwenye kivuli, mimi ambaye hata kiangazi natembea na sweta na kufuata jua popote lilipo. Chai ikaja, tangawizi imejaa. Tangawizi hunipa kiungulia tangu anioe. Nikajikaza kisabuni, nikanywa. Wanaume husahau, nikajiambia, usianze makelele yako, siku ni nzuri.

Halafu akanipeleka kwenye duka la vifungo.

Duka jembamba, droo mpaka darini, kila droo na kifungo chake kimeshonewa mbele. Nikamwangalia mume wangu. Mimi kifungo kikikatika nabana pini, na pini ikipotea navaa shati jingine.

"Nilijua utapapenda," akasema.

Mwenye duka, mama wa makamo, alipotuona mlangoni alimtambua mume wangu, uso ukachangamka. Akainama, akatoa kigoda kilichowekewa mto, akakisogeza mbele ya meza. Kisha akaniangalia mimi. Akamwangalia yeye. Akakisukuma kile kigoda kwa mguu, taratibu, kikarudi chini ya meza.

Mimi hii ndiyo kazi yangu, na mtu hawezi kuifanya kazi miaka mingi halafu akaizima siku moja kwa kuwa inamuumiza. Zile benchi za karibu karibu. Ule mteremko. Kivuli, tangawizi, vifungo. Njia kama hii nimeishona mara nyingi mwenyewe, ningeweza kuisoma nimefumba macho. Ni njia ya mwanamke mwenye mguu mbaya, asiyevumilia jua, anayependa tangawizi, anayeshona nguo. Nilimwona kabisa. Nilibakiza jina tu.

Nikatoka dukani na kifungo cha bluu mkononi, amenichagulia yeye. Nikawa najipa moyo hata hivyo. Nikasema labda amepewa njia ya mtu mwingine, akaibeba hivyo hivyo, akanidanganya kwamba amepanga mwenyewe. Huo ni uvivu, na uvivu nimeuzoea. Na yule mama wa vifungo labda kamfananisha. Mwanamke akitaka kudanganywa hahitaji msaada.

Kituo cha mwisho kilikuwa kilimani, kwenye tangi la maji la mji. Ngazi ndefu inapanda moja kwa moja mpaka juu. Sisi tulizunguka na barabara ya magari, nayo ina benchi kila kona. Juu kuna kibanda cha vinywaji na viti vya mbao, na kila mtu amegeuza kiti chake kuelekea bondeni, kwenye mto na mashamba, mandhari ya kadi. Mume wangu akachukua viti viwili, akavigeuza upande wa pili, kuelekea mjini.

"Kaa huku," akasema. "Tuangalie tulikotoka."

Hayo ni maneno yangu. Kiti cha mwisho, kiangalie walikotoka, ili waone walichopita pamoja. Ni ufundi wangu mwenyewe, sikuusoma popote, na katika dunia nzima nimemfundisha mtu mmoja.

Nikakaa. Nikaiona njia yote chini, kuanzia posta mpaka hapa, inavyokwepa kila ngazi. Ilikuwa kazi safi. Ingekuwa njia mbovu, nadhani nisingeumia vile. Mtu alikaa akaufikiria ule mguu hatua kwa hatua, wapi utachoka, wapi utapumzishwa, na mtu mwingine akautembeza kwa upole mpaka wenye maduka wakajua kutoa kigoda. Mapenzi yalikuwamo, wala sitayakana. Hayakuwa yangu.

Mume wangu akanishika mkono.

"Haya, mke wangu. Jioni ndiyo hii. Nirudi nyumbani?"

"Umepanga mwenyewe yote haya?"

"Mwenyewe. Usiku na mchana."

Nikatoa simu, nikampigia Pacha, nikaweka spika, nikailaza simu kwenye meza katikati yetu. Akapokea upesi, sauti ya juu juu. "Dada! Vipi huko?"

"Salama," nikasema. "Nataka kukuuliza kitu cha kazi. Yule mteja wako wa mguu, yule mshonaji. Aliifurahia hii njia?"

Nilisikia feni ya ofisini kwetu inavyozunguka, ile inayokwaruza.

"Dada," Pacha akasema. "Nani kakwambia?"

Mume wangu akauachia mkono wangu.

Pacha akaanza kulia. Kwamba shemeji na yule mwanamke walikuja kama wateja wengine, siku nilipokuwa nimelala na homa. Kwamba shemeji alimwambia ni mambo ya muda tu, yatakwisha, na kwamba Pacha akinieleza, yeye ndiye atakuwa ameivunja ndoa yangu. Kwamba kila asubuhi alitaka kuniambia.

"Na mimi nalia mapajani kwako," nikasema, "ukanifuta machozi, ukaniambia labda ni kazi zimemchosha. Mlikuwa mnanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, mtu na shemeji yake."

"Dada, nisamehe."

"Alikalia kile kiti mbele ya meza yangu?"

"Ndiyo."

"Ukampima?"

Akavuta kamasi. "Nilimpima, dada. Kama ulivyonifundisha."

Nikakata simu. Nilitaka kupindua meza. Sikupindua, nilimgeukia tu mume wangu, na yeye akaanza kusema haraka haraka, kwamba habari ya yule mwanamke ilishakwisha, wallahi imekwisha, kwamba asingekuwa hapa kama haijakwisha.

"Nilitaka kukupa kitu kizuri," akasema. "Na kizuri nilichokijua ni hiki. Mimi si mtu wa kupanga mambo, unanijua."

Na unajua kilichoniuma? Nilimwamini. Lilikuwa neno la kweli la kwanza kwa siku nzima. Alipotaka kunipa kitu kizuri, alitazama moyoni mwake akakikuta hiki, akanivika bila hata kupunguza upindo.

"Ngazi zilikuwapo," nikamwambia. "Kila mahali tulipopita, ngazi zilikuwapo, unaniona nakunja sketi. Hukuweza kunipa hata moja?"

Nikakiweka kile kifungo cha bluu mezani, karibu na glasi yake.

"Usirudi," nikasema. "Umesema nitakalosema ndilo. Nimesema."

Nikaishika ngazi ile ndefu ya kilimani, jua lote usoni, nikashuka kwa mbio kama zamani. Simu ilikuwa inaita mfukoni, Pacha, inakatika inaita tena. Nyuma yangu nikamsikia mume wangu anapiga kelele, nisubiri, nisubiri nakuja! Katikati ya ngazi nikageuka. Kusema kweli nilitaka kumwona akinikimbilia.

Alikuwa ananikimbilia kweli. Lakini alikuwa ameshika ile barabara ya kuzunguka, miguu imempeleka yenyewe, na alikuwa amekwisha kuipita benchi ya kwanza.

Sikumngoja.